Siku Nilipompangusa Godelive Uso

Dada yangu Godelive ni kipofu na anapenda kujipamba, na kwa miaka mingi niliona aibu kwa yote mawili, ila kwa la pili zaidi. Naliweka hilo mwanzoni kabisa ili asije mtu akanisifu. Pale kambini Dzaleka nimesifiwa vya kutosha. Watu walituona tukipita, yeye ameweka mkono begani kwangu, wakasema, "Arlette iko na roho muzuri, anachunga yaya yake kama yai." Yaya kwetu ni dada mkubwa. Nami nilitabasamu kama mtu wa haki. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Tulifika Malawi mwishoni mwa mwaka 2004, baada ya ile wiki ya risasi kule kwetu Bukavu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, yeye ishirini na nane. Bukavu alikuwa akifanya kazi katika saluni moja ya Nyawera, na kazi yake haikuwa nywele. Nywele aliwaachia wengine. Yeye alikuwa mtu wa nyuso. Bibi harusi akiletwa pale na macho yamevimba kwa kulia, Godelive alimkalisha, akamfunga kitambaa shingoni, na baada ya saa moja mama mzazi alikuwa anauliza binti yake yuko wapi. Tulipokimbia, mimi nilibeba nguo na sufuria. Yeye alibeba brashi zake ndani ya soksi. Nilimtukana njia nzima kwa ajili ya zile brashi, lakini ndizo zilizotulisha.

Maana hata kambini watu huoana. Godelive alipata kibanda karibu na mafundi cherehani, akaweka kiti kimoja na kioo kisichozidi ukubwa wa daftari. Wakongomani walikuja, Warundi walikuja, hata mabinti wa Kimalawi wa vijiji vya jirani walikuja wakiwa wamebebwa kwenye kabaza, wamekaa upandeupande nyuma ya baiskeli ili sketi zisichafuke. Godelive aliwasemesha kwa Chichewa alichokiokota kwao wenyewe. Alikuwa na neno moja alilowaambia wote: hakuna uso mubaya, kuna uso wenye haujapewa nafasi.

Macho yalianza kumsaliti mwaka 2008. Alimchora bibi harusi mmoja aitwaye Charlotte, nyusi moja juu, nyingine chini, Charlotte akaonekana kama mtu anayeuliza swali. Godelive alisingizia mwanga. Kisha akaanza kujigonga kwenye kiti chake mwenyewe. Kisha akaniambia kwamba anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango: mbele anaona, pembeni hakuna kitu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye alificha karibu mwaka mzima. Tulipomfikisha hospitali Lilongwe, daktari alisema ni presha ya macho, kwamba imekwisha kula mishipa, na kilicholiwa hakirudi. Akapewa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Matone mara yapo, mara hayapo. Kufikia mwaka 2011 alichoweza kutambua ni mlango na ukuta tu, tena mchana wa jua kali.

Kibanda kikafungwa. Nilimhurumia, Mungu anajua, nililia naye. Lakini kwa ndani nilisema: angalau sasa mambo ya poda yamekwisha, tutaishi kama watu wengine.

Hayakuisha. Alilala chali msimu mzima wa mvua, hataki chakula, hataki mtu. Halafu asubuhi moja narudi kutoka bombani na ndoo kichwani, namkuta amekaa kwenye mkeka, vikopo vyake vyote amevipanga mbele yake mstari mmoja, anavigusa kimoja kimoja kama mtu anayehesabu watoto wake.

Alijifunza upya. Rangi nyekundu ya mdomo aliifunga uzi mmoja, ile ya kahawia nyuzi mbili. Penseli ya wanja aliichonga alama kwa wembe. Poda alijipiga mara tano kila shavu, mara tatu kwenye paji la uso, mara moja puani, na akikatizwa katikati alianza tena tangu mwanzo, na ole wako wewe uliyemkatiza. Nyusi alizipata kwa kuweka kidole gumba cha mkono wa kushoto juu ya mfupa, akafuata ukingo wa kidole. Rangi ya mdomo hakuipaka kwa kijiti chake. Aliichota kwa kidole cha mwisho, akaanzia katikati kwenda pembeni, akauma karatasi, akapitisha ukucha kwenye pembe za mdomo kuondoa iliyozidi. Siku za mwanzo alitoka na meno mekundu na wanja umefika sikioni. Tulicheka wote wawili mpaka tukashikilia mbavu. Baada ya miezi sita nilikuwa sina cha kucheka, maana alijipaka vizuri kuliko mimi mwenye macho na kioo.

Akimaliza, aliinua uso kuelekea mahali aliponisikia, akasubiri nimwambie kama kuna mahali amekosea. Hapo ndipo nilipokuwa na kazi. Kazi ndogo kweli, ya kugeuza shingo tu. Mara nyingi nilimwambia yuko sawa huku nimempa mgongo, nakoroga uji.

Tukienda Lilongwe kwa ajili ya macho, lazima tupitie soko la Mchesi. Alifungua kila kikopo, akanusa, akasugua kidogo kati ya vidole, akasema hii ni ya zamani, hii wamechanganya na mafuta ya kupikia, hii ndiyo. Wauzaji walinisemesha mimi badala yake. Walimwonyesha yeye kwa kidole, wakaniuliza mimi, "Huyu anataka rangi gani?" Godelive alijibu kabla yangu, kwa sauti ya kusikika vibanda vitatu. Watu waligeuka. Yeye alifurahi kama mtoto siku ya Noeli, na mimi nilitazama viatu vyangu. Viatu nilivyovaa Mchesi navijua vizuri, kwa sababu hiyo.

Kanisani ilikuwa mbaya zaidi. Niliimba kwaya, mstari wa mbele, na kutoka pale niliona jinsi vichwa vya akina mama vilivyoinamiana Godelive alipoingia na midomo yake myekundu. "Kipofu anajipamba juu nani amuone?" Mwingine akasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walisema karibu yangu, makusudi, na mimi sikujibu hata neno. Ningeweza kuwauliza kama wao wanaoga ili nani awanuse. Jibu hilo nimelipata sasa, wakati halina kazi.

Badala yake nilianza kumpitisha nyuma ya nyumba. Namwambia barabara kubwa imejaa matope, tufuate njia ya mifereji. Mwezi wa tisa, jua linapasua ardhi, matope yatoke wapi? Alikuwa akijikwaa kwenye mawe, marashi yake yananukia katikati ya maji machafu, na hakulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika. Nilimwambia avute miguu upesi.

Basi, mwezi wa saba mwaka 2014, jina lake likabandikwa ubaoni. Mahojiano. Mtu wa kambini akisikia neno hilo moyo unamruka, kwa sababu mahojiano yakienda vizuri na mengine yakafuata, siku moja unapanda ndege kwenda kuishi nchi nyingine. Tulikuwa tumengoja karibu miaka kumi. Faili lilikuwa moja, letu sote wawili, jina lake likiwa mbele kwa sababu ya macho. Yakimkwama yeye, na mimi nimekwama.

Jirani yetu Mathilde, mama mmoja wa Fizi, alikuja jioni ile ile na gauni. Mtaa wetu wote ulilijua gauni lile. Lilikuwa la kijivu, labda zamani lilikuwa la buluu, limechanika kwapani, na Mathilde alilitunza kwenye mfuko wa plastiki. Kila mwanamke aliyeitwa aliazimwa. Wanaume nao walikuwa na koti lao, sehemu nyingine.

"Sikiliza, Arlette," Mathilde aliniambia pembeni. "Kule banaangalia kwanza nguo, kisha uso, maneno njo ya mwisho. Charlotte alienda na hereni. Dosye yake kule ofisini inalala mpaka leo. Mutu mwenye anateseka hapakale rouge ku mudomo."

Charlotte huyo, yule wa nyusi, alikuwa pia ametaja tarehe tatu tofauti za kuzaliwa, lakini hilo hakuna aliyelisimulia. Lililosimuliwa ni hereni. Kambi nzima iliamini, na mimi niliamini kuliko wote.

Godelive alilichukua gauni, akalinusa, akalirudisha.

"Mama Mathilde, aksanti. Lakini inanuka moshi ya bantu kumi."

"Ni ya kuvaa siku moja tu, mama."

"Mateso yangu iko mu macho, haiko mu nguo. Bakitaka kuiona, baangalie macho."

Mathilde alipoondoka nilimpigia kelele dada yangu. Nilimwita mbinafsi. Nilimwambia atatuzika Dzaleka wote wawili kwa sababu ya midomo yake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema taratibu kwamba kesho kutapigwa picha. Picha yake ya mwisho alipigwa akiwa bado anaona. Hii ya kesho ndiyo itakayokwenda huko mbele, ndiyo watakayomjua nayo watu wa nchi asiyoijua, na yeye hataiona kamwe. "Kwa hiyo nataka ikuwe muzuri. Njo kitu moja naomba."

Asubuhi aliamka kabla yangu. Sijawahi kumwona akijipamba vile. Alioga, akapaka, akafuta, akaanza tena. Alichagua ile nyekundu yenye uzi mmoja. Alivaa kitenge cha njano na kufunga kilemba cha kitambaa hicho hicho, na aliponiinulia uso, safari hiyo nilitazama. Hapakuwa na kosa hata moja. Nikamwambia yuko sawa.

Tulikaa nje ya ofisi kwenye benchi. Wengine waliokuwa pale, Mungu anisamehe, walikuwa kama watu waliotoka kuchimba kaburi. Kulikuwa na mzee mmoja ninayemjua, mwenye viatu vizuri vya ngozi, amekuja na kandambili mbili za rangi tofauti. Mama mmoja amejifunga kanga ya msiba na hakufiwa. Wote walimtazama Godelive, halafu wakanitazama mimi, na mzee wa kandambili akatikisa kichwa. Katika benchi lile dada yangu ndiye aliyekuwa mtu mzuri kuliko wote, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Niliona faili letu limelala, vumbi juu yake.

Nikasema, "Yaya, vumbi imekuharibia uso."

"Wapi?"

"Mahali yote. Rouge imeshika vumbi. Wanja imeshuka."

Vumbi halikuwa limemgusa.

Alishtuka, akapeleka mkono shavuni na kuurudisha, akiogopa kuharibu zaidi. Vikopo vyake vilikuwa nyumbani, isipokuwa ile nyekundu na penseli ya wanja, alivyonipa nimbebee mkobani. "Tengeneza," akasema. "Haraka, bataniita." Akaniinulia uso, akafumba macho.

Tangu apofuke hakuwa amemwachia mtu uso wake. Hata mimi. Alisema mikono yangu ni ya kufua. Sasa aliuweka mbele yangu kama sahani, na mimi nikatoa kitambaa, nikakilowesha kwa maji ya chupa, nikampangusa. Nilipangusa nyusi, nilipangusa macho, nilipangusa mdomo mpaka kitambaa kikawa chekundu na kahawia. Halafu nikatoa kopo la mafuta mkobani, yale tunayopaka visigino wakati wa baridi, nikachota, nikampaka midomoni.

"Iko nzito," akasema.

"Nimechanganya na mafuta kidogo, isikauke."

Akabana midomo yake, kama anavyofanya. Kisha nikachukua kidole changu kikavu, kisicho na kitu, nikakipitisha juu ya nyusi zake polepole, kushoto na kulia, kama ninachora. Sikulazimika kufanya hivyo. Ningeweza kusema nimekwisha kuchora. Lakini nilikipitisha, na yeye akatulia chini ya kidole kile kama mtoto anayesukwa.

"Aksanti, mudogo wangu," akaniambia. Mzee wa kandambili alikuwa anatazama. Alinipa ishara kwa kichwa, kwamba nimefanya vyema.

Ndani alikuwako mwanamke kijana wa kigeni, mwenye miwani, mpole, na mkalimani aitwaye Raphaël, mtu wa Uvira mwenye tai. Maswali yalianza na Bukavu, yakaja kwenye safari, yakaja kwenye macho. Godelive alijibu vizuri, bila kulia. Kisha yule mwanamke akauliza siku yake inakwenda vipi. Nani anamwogesha, nani anamvisha?

"Hakuna," Godelive akasema, akakaa wima. "Ninaoga mi mwenyewe. Ninavaa mi mwenyewe. Na hii uso munaona, nimeipakala mi mwenyewe, hakuna mutu alinishika mukono. Vumbi ilinipata hapo inje, mudogo wangu akanirudishia kidogo, lakini kazi ni yangu. Muangalie rouge. Imetoka inje hata kidogo? Muangalie nyusi." Akageuza uso kushoto, akageuza kulia, apate kuonekana vizuri. Ulikuwa mtupu, unang'aa mafuta ya visigino.

Raphaël hakutafsiri. Alifungua mdomo akaufunga. Yule mwanamke akamwuliza amesema nini, na ndipo akatafsiri, kwa sauti ya chini, macho yake mezani. Yule mwanamke alimtazama Godelive. Halafu alinitazama mimi. Ilikuwa nafasi yangu, na ilikuwa ndefu, ningeweza kusema maneno mawili tu. Nilitazama viatu vyangu.

Aliandika kwa muda mrefu. Akauliza, kwa upole zaidi kuliko mwanzo, kama Godelive hulala vizuri, na kama husikia sauti za watu ambao hawapo. Godelive alicheka, akasema anasikia za waliopo tu, na zinamtosha. Kisha wakampiga picha. Aliinua kidevu na kutabasamu.

Njiani kurudi akaniuliza, "Juu ya nini balinyamaza pale, nilipowaonyesha uso?"

"Balishangaa, yaya. Ulikuwa muzuri sana."

Sijui hata neno lile lilitoka wapi. Alisimama barabarani, akacheka, akanikumbatia. Na wiki ile yote alisimulia. Alisimulia kwa mafundi cherehani, alisimulia bombani, alisimulia kanisani baada ya ibada: jinsi alivyoingia, jinsi alivyowaonyesha uso, jinsi walivyonyamaza kwa mshangao. Wale waliokuwa wamekaa benchini siku ile walimsikiliza na kunitazama mimi. Mathilde aliziba mdomo kwa kitenge. Hakuna aliyemwambia. Nilikuwa nimewafanya wote wawe ndugu zangu katika uongo, na kila aliponipita mtu akinikonyeza niliona afadhali angenitemea mate.

Mwezi wa tisa ikaja karatasi ya kwenda hospitali Lilongwe. Ilikuwa ya Kiingereza. Kiingereza changu si kingi, lakini kilinitosha kuona kwamba haikuwa ya macho. Ilikuwa ya akili. Nikamwambia ni ya macho. Akafurahi, labda kuna dawa mpya, akajipamba. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa kutoka Dzaleka mpaka Lilongwe kwa minibasi, tukipita Lumbadzi, yeye dirishani akinusa sabuni ya kila abiria aliyepanda na kuniambia ni ya aina gani.

Aliyetupokea alikuwa nesi mtu mzima, Mmalawi. Alipojua kwamba Godelive anasikia Chichewa, alisema tusimwite mkalimani, wataongea wenyewe. Nami Chichewa nakisikia. Alifungua faili, na nikaiona picha ikiwa imebandikwa pale: uso unaong'aa, midomo haina rangi, nyusi hazipo, na lile tabasamu la mtu anayejua amependeza.

"Mama," nesi akasema, "hapa wameandika kwamba uliwaambia una rangi usoni, ukawaonyesha, na hukuwa nayo. Hilo hukutokea mara nyingi?"

Godelive alicheka kidogo. Akagusa shavu lake. Akauliza kama leo haionekani.

"Leo naiona, na ni nzuri. Nauliza siku ile."

Kicheko kilibaki usoni mwake kwa muda kidogo, bila kazi. Hakuuliza tena nesi. Aligeuka kwangu, na kwa Kiswahili, ambacho nesi hakukijua, akasema:

"Arlette. Ile siku ulinipakala nini?"

Bado ningeweza kudanganya. Nakiri kwamba uongo ulikuwa tayari, nimeuweka ulimini: nesi amesoma faili la mtu mwingine. Nilimtazama. Nyekundu yake ilikuwa imekaa sawasawa, haijatoka nje hata unywele.

"Mafuta," nikasema.

"Mafuta gani?"

"Ile ya visigino."

Akapeleka kidole juu ya jicho: "Na nyusi?"

"Kidole."

"Kidole tupu?"

"Kidole tupu, yaya."

Niliomba anipige. Angenipiga pale mbele ya nesi, angenitukana kwa Mashi, lugha ya mama, ningeshukuru. Alikunja mikono yake mapajani, akageukia nesi, na kwa Chichewa chake cha saluni akamwambia kwamba siku ile aliamka mapema kwa wasiwasi, akasahau kujipaka, akadhani amejipaka. Akasema kipofu naye husahau kama watu wengine. Alikosea, basi.

Yule aliyekataa kuvaa gauni la Mathilde kwa sababu ya moshi wa watu kumi, alichukua uongo wangu akauvaa mbele ya mgeni, ili mgeni asinione mimi nilivyo. Nesi alinitazama kwa muda. Nadhani alielewa. Aliandika kwamba mgonjwa akili yake ni timamu, akatuaga kwa adabu.

Tukatembea hadi langoni. Mkono wake haukuwa begani kwangu. Alitumia fimbo yake, ambayo akiwa nami aliibeba tu bila kuitumia. Nilipomtazama nikaona kwamba amelia bila sauti, na wanja, safari hii kweli, ulikuwa umeshuka.

Nikatoa kitambaa. "Yaya, wanja imeshuka. Acha nikupanguse."

Alirudisha kichwa nyuma, upesi, kama mtu aliyekaribia sufuria ya moto.

Langoni alikaa mlinzi, mzee mwenye sare iliyomzidi. Godelive alisikia kiti chake kikilia, akasimama mbele yake. "Abambo," akamwamkia, baba, kisha akamwuliza kwa Chichewa uso wake uko vipi.

Mzee alinitazama mimi. Hakuelewa kwa nini aulizwe yeye na pembeni pana mtu mwenye macho, tena amefanana na mwenye swali. Basi akasimama, akaweka daftari lake kitini, akainama. Alitazama upande mmoja, akatazama upande wa pili, bila haraka na bila kucheka, kama anayekagua mzigo. Akasema weusi umeshuka chini ya jicho la kushoto. Mdomo uko sawa.

Godelive alilowesha ncha ya kitenge kwa ulimi, akafuta.

"Sasa?"

"Bado kidogo. Chini. Hapo. Basi, imetoka."

"Zikomo, abambo," akamshukuru.

"Zikomo, mama."

Muda wote ule ulikuwa wa mtu kufunga kamba za viatu. Mimi nilikuwa nimesimama na kitambaa mkononi. Mbele ya lango kulikuwa na barabara kubwa na magari hayaishi, na fimbo peke yake haikutosha, kwa hiyo alinyoosha mkono, akalitafuta bega langu, akalishika ili tuvuke. Barabara aliniachia. Uso hajaniachia tena, na huu ni mwaka wa tano.